Vitamini Katika Dozi ya Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza dozi, anayehangaika kutafuta vitamini mara nyingi si yeye mwenyewe. Ni mama yake, mkewe, shemeji, au jirani aliyewahi kuuguza. Wanamwona mtu aliyekuwa na kilo 65 amebaki na 48, shati linamwelea mabegani, hamu ya kula hana. Basi mmoja wao anakwenda duka la dawa na kuuliza kama kuna kitu cha kumrudishia mgonjwa nguvu. Anauziwa chupa ya vitamini ya maji au boksi la vidonge, na fedha inayotoka mfukoni pengine ndiyo iliyokuwa ya maharage na mafuta ya kula ya wiki hiyo. Ni tendo la upendo, na anayelifanya hastahili kukemewa. Anastahili kuelezwa fedha ile ilikwenda kufanya nini.

Wasikilizaji, jibu lina pande mbili, na pande zote mbili zimechunguzwa kwa miaka mingi, sehemu kubwa hapa hapa Afrika Mashariki. Vitamini nyingi zinazouzwa kwa mgonjwa wa TB hazijaonyesha kwamba zinamponya haraka zaidi au zinamwokoa na kifo. Lakini ipo moja ambayo wagonjwa wengi wanaihitaji kweli kweli, ni ya bei ndogo, na ndiyo ambayo ndugu wa mgonjwa hawajui hata kuiulizia jina.

Kwanza tuweke sawa jambo la msingi. Kifua kikuu huponywa na dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Zote nne huja zimechanganywa katika kidonge kimoja na hutumiwa kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi huendelea kwa miezi minne. Tanzania na Kenya dawa hizi hutolewa bure. Hakuna vitamini iliyowahi kuthibitika kushika nafasi ya hata moja kati yake. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 duniani waliugua TB, na milioni 1.25 wakafariki, ilhali dawa za kuiponya zimekuwapo kwa miongo mingi. Kwa hiyo chochote kinachoongezwa kwenye dozi kinapaswa kupimwa kwa swali moja: je, kinamsaidia mgonjwa amalize dozi yake akiwa mzima?

Kwa swali hilo, vitamini B6 inatangulia mbele ya nyingine zote.

Isoniazidi ilianza kutumika hospitalini mwaka 1952, na wagonjwa waliokuwa wakingojea kifo wakaanza kunyanyuka vitandani. Haukupita muda mrefu kabla ya baadhi yao kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto, vidole vinakufa ganzi, miguu inachomwachomwa kama kwa sindano. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Marekani, Biehl na Vilter, walionyesha chanzo: isoniazidi huifanya vitamini B6 itoke kwa wingi kwenye mkojo. Baadaye ikafahamika kwamba dawa hiyo pia huzuia kazi ya kimeng'enya kinachoiandaa B6 ili mwili uweze kuitumia. Neva zinaitegemea vitamini hii. Ikipungua, zile ndefu zinazofika miguuni ndizo zinazoanza kuumia.

Si kila mgonjwa anapata tatizo hili. Wapo waliorithi miili inayoiondoa isoniazidi polepole, na kwao dawa hukaa muda mrefu zaidi na hatari huongezeka. Wengine ni wajawazito, wanaonyonyesha, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wanywaji wa pombe, wazee, na wote waliodhoofika kwa kukosa chakula. Mtu akikaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya TB katika ukanda huu na kuipitia orodha hiyo kimoyomoyo, ataona kwamba wasiomo ni wachache. Ndiyo maana baadhi ya programu za nchi zimeamua kumpa B6 kila mgonjwa anayetumia isoniazidi badala ya kuchagua, na uamuzi huo una mantiki kubwa.

Kinga yake ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Kidonge ni kidogo na gharama yake ni ndogo. Bila hicho, mambo yanaweza kumwendea vibaya mgonjwa ambaye mapafu yake yalikwisha kuanza kupona. Anaamka usiku kwa maumivu ya nyayo. Hajaambiwa kwamba dawa inaweza kuleta hali hiyo, kwa hiyo anatafuta maelezo mahali pengine. Nyumbani wanasema ugonjwa umeshuka miguuni. Jirani anasema amekanyaga kitu alichotegewa. Mwingine anasema dawa za hospitali ni kali mno kwa mtu aliyekonda hivyo, afadhali azipumzishe. Akizipumzisha, vimelea vilivyobaki vinapata nafasi ya kujifunza kuikwepa dawa, na kinachofuata kinaweza kuwa TB sugu, ambayo matibabu yake ni magumu zaidi na vidonge vyake ni vingi zaidi. Mlolongo wote huo ungeweza kukatwa mwanzoni kwa kidonge kimoja na maelezo ya dakika mbili kutoka kwa muuguzi.

Hata hivyo B6 nayo ina kipimo. Mtu anayemeza mamia ya miligramu kila siku kwa miezi mingi anaweza kuharibiwa neva na vitamini ile ile aliyoitaka izilinde, na dalili zikawa zile zile za ganzi na kuwaka moto. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyouzwa madukani hutofautiana sana kwa kiasi cha B6 kilichomo. Hiyo ni sababu tosha ya B6 ya mgonjwa wa TB kutoka kliniki, ikiandikwa kwenye kadi yake pamoja na dawa nyingine.

Tukiiacha B6, tunaingia kwenye hadithi ndefu ya matumaini. Kabla ya dawa za kuua vimelea kupatikana, waganga wa Ulaya waliwapa wagonjwa mafuta ya samaki, yaani mafuta ya ini la chewa, ambayo leo tunajua yana vitamini A na D nyingi. Katika miaka ya 1840 Hospitali ya Brompton ya London, iliyokuwa maalumu kwa magonjwa ya kifua, iliyatumia kwa mamia ya wagonjwa na madaktari wake wakaandika kwamba hali za wengi zilitengemaa. Baadaye likaja jua. Daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu TB ya ngozi kwa mwanga, na sanatoria za milimani zikawalaza wagonjwa nje wakiota jua. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D.

Mwaka 2006 maabara ikatoa maelezo ya kuvutia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza katika jarida la Science jinsi seli za kinga zinavyotumia vitamini D kutengeneza kemikali inayoua vimelea vya TB. Ilionekana kama wazee wa Brompton walikuwa wameona mbali. Lakini seli katika kibakuli cha maabara na mtu anayekohoa kitandani ni vitu viwili tofauti, na majaribio kwa wagonjwa hayakuleta habari njema iliyotarajiwa. Nchini Guinea-Bissau, wagonjwa 365 waligawanywa, nusu wakapewa vitamini D na nusu vidonge visivyo na kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha tofauti katika kupona wala vifo. London, mwaka 2011, wagonjwa waliopewa dozi kubwa za vitamini D walisafika makohozi kwa siku 36, na wenzao kwa siku 43 na nusu, tofauti ambayo kwa hesabu za kitakwimu haikutosha kusema ni kazi ya vitamini. India nako hawakupata faida.

Jaribio kubwa kuliko yote, ambalo lilipima kinga dhidi ya maambukizi badala ya tiba, lilifanyika Mongolia, nchi ya baridi kali ambako watoto wengi wana upungufu mkubwa wa vitamini D. Ikiwa ingefanya kazi popote, ingefanya pale. Wanafunzi 8,851 wa Ulaanbaatar walimeza kidonge kila wiki kwa miaka mitatu. Mwaka 2020 majibu yalitolewa: waliopata vitamini D waliambukizwa TB sawasawa na wasioipata. Kazi kubwa na ya uaminifu kama hii inastahili kuheshimiwa hata pale jibu lake linapovunja moyo, kwa sababu inaweza kuwaepusha watu kutoa fedha zao bure.

Sasa turudi nyumbani.

Dar es Salaam, watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliandikisha wagonjwa 887 wenye TB ya mapafu, 471 wakiwa na VVU na 416 wakiwa hawana. Wote walitumia dawa za kawaida za TB. Baadhi yao waliongezewa vitamini A, mchanganyiko wa vitamini B, C na E, pamoja na madini ya seleniamu. Wengine walipewa vidonge vya kufanana visivyo na kirutubisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa jumla, vitamini hazikupunguza vifo kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa. Lakini mambo mawili yalijitokeza. Matatizo ya neva, ile ganzi tuliyoizungumzia, yalipungua kwa asilimia 57, kwa wenye VVU na wasio navyo. Na TB kurudi baada ya matibabu ilipungua kwa asilimia 45, na kwa wenye VVU kwa asilimia 63.

Jambo la kwanza halishangazi, kwa kuwa B6 ilikuwamo kwenye mchanganyiko. La pili ndilo lililostahili kelele zaidi kuliko lilivyopata. Mtu ambaye TB imemrudia ni mtu aliyekwisha kutoa miezi sita ya maisha yake, akarudi kazini, akaanza kulipa madeni, halafu anaanza kukohoa tena. Kama vidonge vya bei nafuu vinaweza kupunguza idadi ya watu wa namna hiyo karibu kwa nusu, matokeo hayo yalihitaji kurudiwa katika majaribio mengine makubwa mpaka ifahamike kama ni ya kweli na ni kirutubisho kipi kati ya vile kilichofanya kazi. Jaribio moja, hata likiwa zuri, halitoshi kubadilisha matibabu ya nchi. Lakini linatosha kabisa kuhalalisha la pili na la tatu.

Mwanza nako, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake wa Denmark walifanya majaribio yao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, mchanganyiko wa vitamini na madini haukuharakisha kusafika kwa makohozi, ingawa wagonjwa waliongezeka uzito zaidi. Jaribio la baadaye lilihusisha wagonjwa zaidi ya 800, wote wakila biskuti maalumu, nusu zikiwa zimetiwa virutubisho. Wagonjwa wasio na VVU waliopata virutubisho waliongeza uzito zaidi na mikono yao ikapata nguvu zaidi ya kushika. Kwa wenye VVU faida hiyo haikuonekana. Kwa mtu anayeishi kwa jembe, wavu au mkokoteni, nguvu ya mkono ni jambo zito. Hata hivyo ni faida ya kujenga mwili, na chakula kizuri kinaweza kuileta pia.

Hapa mtu anaweza kuuliza: kama vidonge vya vitamini vina faida ndogo hivyo, mbona damu ya mgonjwa wa TB mara nyingi huonyesha upungufu wa vitamini? Sababu moja ni njaa iliyoutangulia ugonjwa: mwili uliodhoofika ndio unaoshindwa kuvizuia vimelea visiamke. Huko Lima, Peru, watafiti walikuta kwamba, kati ya wanafamilia wa wagonjwa, wale wenye upungufu wa vitamini A walikuwa na hatari ya kuugua TB takriban mara kumi zaidi ya wenzao. Sababu nyingine ni ugonjwa wenyewe. Homa hula akiba ya mwili, hamu ya chakula hupotea, na kiwango cha vitamini A katika damu hushuka. Mgonjwa akianza dawa na kurudi kula, kiwango hicho hupanda chenyewe. Kwa hiyo damu kuonyesha upungufu siku ya kwanza haina maana kwamba vidonge vya vitamini ndiyo tiba yake.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa lishe kwa wagonjwa wa TB, halikupendekeza kila mgonjwa apewe vitamini kupita kiasi cha kawaida kinachohitajiwa na binadamu mwenye afya. Wajawazito na wanaonyonyesha walitajwa peke yao kuwa wapewe vidonge vya virutubisho mchanganyiko. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 35 yenye watu 8,283, yalifikia hitimisho linalofanana na hilo.

Wapo watakaosema: hata kama hazisaidii, zina ubaya gani? Tena ni Dar es Salaam iliyotoa jibu. Kati ya mwaka 2006 na 2009, watu 3,418 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza VVU walipewa vitamini, baadhi kwa kiwango cha kawaida na baadhi kwa kiwango kikubwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu vipimo vya ini vya waliopewa kiwango kikubwa vilikuwa vinapanda, na hawakuwa wakiishi zaidi ya wenzao. Wale hawakuwa wagonjwa wa TB, lakini funzo linamhusu sana mgonjwa wa TB, kwani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu hupita kwenye ini na zinaweza kulijeruhi. Kulitwisha mzigo mwingine bila sababu ni kucheza na hatari.

Kuna na hili la madini, ambalo halitajwi inavyopaswa. Wagonjwa wa TB sugu, kama wale wanaotibiwa Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, hutumia dawa za jamii ya levofloksasini au moksifloksasini. Dawa hizo zikikutana tumboni na madini ya chuma, zinki, kalisi au magnesi, hushikana nayo na kutoka nje bila kuingia kwenye damu kwa kiasi kinachotakiwa. Kidonge cha kuongeza damu au cha vitamini chenye madini, kikimezwa saa ile ile, kinaweza kuifanya dozi ya siku hiyo iwe pungufu. Inabidi vipishane kwa saa kadhaa, na mpangilio huo autoe mtaalamu.

Sasa ile fedha ya dukani iende wapi? Jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, limetoa ushahidi mzito. Madaktari Anurag Bhargava na Madhavi Bhargava na wenzao walifuatilia wagonjwa 2,800 na wanafamilia wao 10,345. Wagonjwa wote walipewa chakula cha kila mwezi: mchele, jamii ya kunde, unga wa maziwa na mafuta, pamoja na vidonge vya vitamini. Katika nusu ya maeneo, wanafamilia nao walipewa kila mmoja kilo 5 za mchele na kilo moja na nusu ya mbaazi kwa mwezi, pia na vidonge. Mwaka 2023 majibu yakachapishwa: katika familia zilizolishwa, watu waliougua TB walipungua kwa asilimia 39, na TB ya mapafu iliyothibitishwa maabara kwa asilimia 48. Kwa wagonjwa wenyewe, zaidi ya wanne kati ya watano walianza wakiwa na utapiamlo. Aliyeongeza asilimia 5 ya uzito wake katika miezi miwili ya kwanza alikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 61 kuliko asiyeongeza.

Ni kweli vidonge vilikuwamo, na hakuna awezaye kukata kauli ni asilimia ngapi ya faida ilitoka kwenye vidonge na ngapi kwenye mchele. Lakini majaribio mengi ya vidonge pasipo chakula hayakufikia hapo. Serikali ya India, ambayo tangu mwaka 2018 ilikuwa ikimlipa kila mgonjwa wa TB rupia 500 kwa mwezi za lishe, ilipandisha malipo hayo kuwa rupia 1,000 mwishoni mwa mwaka 2024.

Huku kwetu dawa ni bure, chakula si bure, na mgonjwa anayetegemewa na wengi hukosa kipato siku ile ile anayolazwa. Vyakula vinavyomfaa havitoki mbali: dagaa, maharage, mbaazi, karanga, mayai, ndizi, matembele, mchicha, viazi lishe, maini akiweza. B6 imo kwenye samaki, ndizi na viazi, ingawa kwa anayetumia isoniazidi kidonge bado kinahitajika. Halmashauri zinazotenga fedha za lishe kwa watoto wa chini ya miaka mitano zimefanya vyema. Zimwongeze na mgonjwa wa TB na watu wa nyumba yake, kwa sababu mlo wao nao ni kinga ya ugonjwa huu.

Kwa ndugu anayeuguza, maombi ni haya. Siku ya kwanza ya dawa, ulizia B6 kwa jina, na kama imekwisha kituoni, ulizia itarudi lini au itapatikana kituo gani cha jirani. Kila kidonge kingine ambacho mgonjwa anameza, cha dukani au cha mitishamba, kipeleke kliniki kionwe. Na mgonjwa akianza kuhisi ganzi au moto miguuni, au macho yakiwa ya njano, arudi kituoni siku hiyo hiyo aonwe, wala nyumbani pasiwepo mtu wa kumwamulia apumzishe dozi.